Mguu wa Mama Mkwe

Jumanne, 12 Machi

Mvua imeanza leo, nami nimeanza kuandika. Aliyesababisha ni Fundi, mume wangu. Jana nilipomuuliza tena kama amevaa viatu vya kufunika vidole, aliweka kikatio chake mezani akaniambia kwa upole kwamba hofu zangu anazipenda zote, ila masikio yake yamechoka. Afadhali nitafute daftari nizimwage humo. Basi nimelitafuta.

Hofu zenyewe sikuzibuni. Mume wangu ni fundi vioo, na karakana yake ndiyo sebule yetu. Vioo vikubwa vimeegemezwa ukutani juu ya mablanketi makuukuu, meza ya kukatia iko pale ambapo watu wengine huweka makochi, na chembe zinazoruka nazikuta hata kwenye ungo wa mchele. Wanaokuja kwetu hudhani nafagia kwa kupenda usafi. Mimi nafagia kwa ajili ya kaka yangu. Alichomwa na msumari mguuni nikiwa darasa la tatu, kijitobo ambacho mama alikifuta kwa upindo wa kanga akamwambia akacheze. Baada ya siku chache taya zilimkaza, akashindwa hata kumeza mate. Pepopunda. Tangu tumzike sijui kidonda kidogo ni kipi.

Mama mkwe amehamia kwetu leo mpaka mvua ziishe, maana paa lake limeshindwa. Ana kisukari, ana ulimi, na ana sanduku zito kuliko yeye. Hajamaliza chai amekwisha nipa jina: Bi Woga.

Ijumaa, 15 Machi

Mvua. Mama mkwe kasema chumvi imezidi. Haikuzidi.

Jumanne, 19 Machi

Leo damu imemwagika ndani ya nyumba, na bado nipo hai.

Fundi alikuwa anabeba kioo cha dirisha. Kikakatika mikononi mwake bila sababu, kama vioo vinavyofanya vikiwa na ufa usioonekana. Nilisikia mlio, kisha kimya, kisha akaniita kwa sauti ya kawaida mno. Nikajua. Kilikuwa kimemkata kwenye nyama iliyo chini ya kidole gumba, na damu ilikuwa inatiririka mpaka kwenye kiwiko.

Mikono yangu, sijui ilitumwa na nani, ilikwisha chukua taulo safi ikabana. Nilimkalisha, nikauinua mkono wake juu, nikabana bila kuchungulia. Kila nilipotaka kufunua nione, nilijizuia. Damu ilipotulia nikamwagia maji safi kutoka kwenye jagi, mengi, na sabuni pembezoni, huku yeye akitaja majina ya wanyama wote aliowahi kuwasikia. Nikampeleka mlangoni kwenye mwanga nikatazama ndani ya kile kidonda. Hakikuwa kirefu. Niliona mwisho wake, safi, hakuna kinachometameta. Nikamwambia akunje vidole kimoja kimoja, vikakunjika. Ndipo nikakata plasta vipande vyembamba, nikaisogeza ngozi mpaka kingo zikabusiana, nikavipanga juu yake vikipishana nafasi kidogo.

Mama mkwe alikuwa amesimama kwenye pazia muda wote. Nilisubiri aseme chumvi imezidi. Alisema tu, "Umefunga vizuri," akarudi chumbani kwake.

Alasiri nilimburuta Fundi mpaka zahanati, ng'ambo ya mto, akachomwe sindano ya pepopunda. Hakutaka. Nilimwambia achague sindano au mimi kulia barabarani. Muuguzi aliitazama kazi yangu akasema ingekuwa ovyo angeifungua aishone upya, lakini hana la kuongeza.

Jumatano, 20 Machi

Nimemwamsha apige miayo nione kama taya zinafunguka. Zinafunguka.

Jumapili, 24 Machi

Asubuhi nilipomwambia apanue kinywa, alikaza meno akanitolea macho, mwili umenyooka kama ubao. Sikupiga kelele. Nilikaa tu sakafuni. Alipoona nimeshindwa kuinuka aliruka kutoka kitandani akaniomba radhi, akasema alikuwa anatania. Sijamsemesha mchana kutwa.

Mama mkwe alimwita chumbani. Sikusikia walichosema ila nilisikia sauti yake yeye tu, na Fundi alitoka amenywea.

Alhamisi, 28 Machi

Plasta zimebanduka zenyewe. Chini yake kuna mstari mwembamba kama uzi wa rangi ya waridi. Nimeutazama mara nyingi kuliko ninavyojitazama kwenye kioo, na vioo nyumbani kwetu havikosekani.

Jumanne, 2 Aprili

Fundi kaenda ng'ambo ya mto. Kuna shule ambayo upepo umeivunjia madirisha, na watoto wanasomea ndani ya manyunyu. Atalala huko huko mpaka amalize, kwa sababu mto unapanda na hana hakika ya kuvuka kila siku.

Majirani wamesikia habari za mkono wake. Leo muuza mkaa, yule mwenye mkokoteni, kaja na kidole kilichokatwa na kisu. Nilikibana, nikakiosha, nikakifunga. Ananiita Daktari wa Plasta. Nilicheka, na nilipokuwa nacheka nilishtuka kugundua kwamba kwa muda ule sikuwa naogopa chochote.

Ijumaa, 5 Aprili

Nimekuta damu kwenye mkeka wa mama mkwe. Si nyingi, duara lililokauka, na lingine pembeni yake, na lingine. Nikafuata mpaka kitandani. Alikuwa amekaa na soksi miguuni, na yeye si mtu wa soksi.

Alikataa kwanza. Halafu akakubali kwamba alikanyaga kitu sebuleni, siku Fundi alipokuwa anafungasha vioo vya shule. Kwa hiyo ni siku tatu au zaidi. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Alisema hakusikia maumivu. Nyayo zake zimekufa ganzi miaka mingi, na alijua tu alipoona mkeka umechafuka.

Kidonda kipo chini ya kidole cha pili cha mguu wa kulia. Si kikubwa. Kingo zake zimekaa wazi kama mdomo wa mtu aliyesinzia. Nikasema tutaenda zahanati kesho asubuhi. Hapo ndipo nilipomwona mama mkwe ambaye sijawahi kumwona. Alinishika kifundo cha mkono kwa vidole vyake vyote.

"Dada yangu aliingia hospitali na kidonda cha hivi hivi," alisema. "Alitoka bila mguu. Usinipeleke, mwanangu. Nifunge kama ulivyomfunga mume wako. Na yeye usimwambie."

Hajawahi kuniita mwanangu. Mwanamke huyu aliyenipa jina la Bi Woga alikuwa anatetemeka mpaka kitanda kikalia.

Nikaosha. Nikatazama ndani, lakini chumba kina kidirisha kimoja na nje mvua imetanda. Niliona weusi tu, sikuona mwisho. Nikajiambia ni kivuli. Nikazileta kingo pamoja, nikafunga kwa plasta, vipande vingi, vya kubana. Kilipendeza. Nilijipongeza.

Jumamosi, 6 Aprili

Kikavu. Hakuna kinachovuja. Mama mkwe kanisifia mchuzi.

Jumatatu, 8 Aprili

Fundi kapiga simu. Kauliza mama hajambo, nikasema hajambo. Sauti yangu ilitoka laini kabisa. Sikujua kwamba naweza kumdanganya kirahisi hivyo.

Mto umefika kwenye nguzo za juu za daraja, anasema.

Jumanne, 9 Aprili

Chumbani kwa mama kuna harufu. Anasema ni godoro limelowa unyevu. Nimelitoa godoro, nimeliegemeza karibu na jiko likauke. Harufu haikutoka pamoja nalo.

Alhamisi, 11 Aprili

Ngozi inayozunguka plasta imekuwa nyekundu na ina moto. Nimeweka mkono wangu kwenye mguu mmoja, halafu mwingine, halafu nikarudia, nikitumaini nimechanganya. Sikuchanganya.

Nilikimbia duka la dawa bila mwavuli. Muuza dawa aliniuliza maswali mawili bila kuinua macho, akanipa vidonge vya rangi mbili akaniambia nivipasue nimwagie unga wake juu ya kidonda. Nilimwuliza je, mgonjwa wa kisukari? Akasema unga ni unga. Nilirudi nimevishika mkononi kama mtu aliyeokota kitu asichokijua. Mwishowe nilinyunyizia, juu juu, kwenye pembe za plasta, kwa sababu kutofanya chochote kuliniogopesha zaidi.

Plasta sikuzibandua. Niandike ukweli, kwa kuwa daftari hili halitanigombeza: niliogopa kuona kilichomo.

Ijumaa, 12 Aprili

Hali chakula. Anasema ni mvua. Nimemwambia sasa imetosha, tunakwenda. Akageukia ukutani akasema akifa afie na miguu yake miwili. Nikatoka, nikafagia sebule ambayo nilikuwa nimekwisha ifagia.

Jumapili, 14 Aprili

Haya ni ya jana. Jana sikuweza kushika kalamu.

Asubuhi nilimpelekea uji. Alinitazama akaniita kwa jina la dada yake. Paji la uso wake lilikuwa linaunguza. Nikafunua shuka. Mguu ulikuwa umevimba hadi kwenye kifundo, unang'aa kama uliopakwa mafuta, na kutoka pale kulikuwa na mstari mwekundu unaopanda. Niliufuata kwa macho, shavuni mwa mguu, nyuma ya goti. Nikamgusa kinenani, nikakuta mtoki mgumu kama kokwa. Akalia. Huyu ambaye kioo kimemwingia asisikie.

Nilimwona kaka yangu kwenye kile kitanda, na nikamwona mama yangu na upindo wa kanga yake, na safari hii mama alikuwa mimi.

Sikukimbia. Nilipiga simu kwa Fundi. Nilimweleza yote, kidonda, tarehe, uongo, mstari. Niliongea haraka nisimpe nafasi. Nilipomaliza, alisema daraja la hapa limefungwa tangu alfajiri, maji yanapita juu yake. Lililobaki ni lile la juu, la reli. Akasema, "Mlete mpaka pale. Mimi naanza kuja sasa hivi."

Nilimkimbilia muuza mkaa. Aliponiona uso alimwaga magunia yake chini ya paa la jirani, akausukuma mkokoteni mpaka mlangoni. Tulitandika godoro, tukamlaza mama, tukamfunika kwa karatasi ya nailoni ambayo Fundi hufungia vioo. Yeye alivuta mbele, mimi nilisukuma nyuma. Barabara ilikuwa tope jekundu linalovuta viatu. Kiatu changu kimoja kilibaki huko. Kila gurudumu lilipogonga jiwe nilikuwa namsikia mama akiguna chini ya nailoni, na kila alipokaa kimya nilikuwa naogopa zaidi, nainua pembeni nione kama kifua kinapanda.

Kwenye daraja la reli mkokoteni haukupita. Mataruma, yale magogo yanayobeba reli, yameachana na katikati yake unaona maji, ya rangi ya chai ya maziwa, yakipita na matawi mazima. Fundi alikuwa amekwisha vuka kutufuata, amelowa chapa chapa. Hakunitazama. Alimgeuzia mama mgongo, tukampandisha, nikamfunga kwake kwa kanga mbili kama mtoto. Wakaanza kwenda taruma kwa taruma. Mimi nilifuata nimeishika miguu yake isining'inie. Mguu wake ule ulikuwa kwenye kiganja changu, moto kama sufuria, na chini mto. Sijui nilivukaje. Nakumbuka tu kwamba Fundi alikuwa anazungumza na mama njia nzima, kwa sauti ile anayotumia akibeba kioo kikubwa: pole pole, pole pole, tunafika.

Muuguzi alikuwa yule yule. Alimchoma kidole cha mkono kupima sukari, akaguna. Akachukua mkasi. Plasta zangu zilipofunguka, kile kilichotoka chini yake sitakiandika. Aliosha, akatafuta kwa koleo dogo, akakitoa, akakiweka kwenye sahani ya bati ambako kililia kidogo. Kipande cha kioo, kidogo kuliko punje ya mchele.

"Nani alikifunga hiki?" aliuliza.

Mama mkwe, ambaye nilidhani hatusikii, alifungua macho. "Mimi mwenyewe," alisema.

"Si yeye," nilisema. "Ni mimi."

Muuguzi hakunifokea. Ningependa angenifokea. Alinieleza huku mikono yake ikiendelea na kazi, kwamba kidonda kikishapita siku bila kusafishwa, au usipoona mwisho wake, hakifungwi. Ukikifunga unaufungia uchafu mlango ukiwa ndani. Na mguu wa mwenye kisukari hauna kidonda cha nyumbani, hata kiwe kama mkwaruzo. Alisema kile cha mume wangu nilikifunga sawasawa kabisa, na hiki nacho nimekifunga kwa ustadi ule ule, na hapo ndipo penye hatari.

Gari la wagonjwa lilitupeleka hospitali kubwa.

Jumatatu, 15 Aprili

Dawa zinaingia kwa mrija. Mstari haujashuka. Daktari ameuchora kwa kalamu pale ulipofikia ili waone kama unapanda. Nakaa naitazama ile alama.

Jumanne, 16 Aprili

Fundi analeta chakula, anakaa upande wa pili wa kitanda, anaondoka. Maneno yetu yote ni "umekula" na "nimekula".

Alhamisi, 18 Aprili

Mstari umeshuka chini ya alama, lakini kidole cha pili kimekuwa cheusi. Watakikata kesho. Wanasema wakikiacha kitauvuta mguu mzima.

Daktari alipomweleza mama mkwe nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango. Nilisubiri apige kelele. Aliuliza tu kama ni kimoja. Alipoambiwa ndiyo, aliuliza tena, kama wana hakika ni kimoja.

Jumamosi, 20 Aprili

Kimoja.

Jumatano, 24 Aprili

Nimerudi nyumbani kuchukua nguo. Nilimkuta Fundi sebuleni, amepiga magoti, kitambaa kilicholowa mkononi, anapangusa sakafu sentimita kwa sentimita huku ameinamisha uso karibu kugusa chini, atazame mwanga unavyopiga. Amesogeza meza. Amesogeza hata kabati. Vioo vyote amevihamishia kwenye banda la muuza mkaa.

Nilisimama mlangoni. Akasema bila kugeuka, "Kioo kilikuwa changu. Ulikuwa unaniambia kila siku, nikakutuma kwenye daftari."

Nilimwambia mimi ndiye niliyekifungia ndani. Akasema anajua, na ana hasira na mimi, na ana hasira na yeye mwenyewe, na anaogopa kuniambia kwa sababu anaogopa nitaondoka. Mwanamume huyu anayecheka kila kitu. Nilichukua kitambaa kingine nikaanzia upande wa dirisha.

Alhamisi, 2 Mei

Mama karudi. Anatembea na fimbo, ananung'unika kuhusu fimbo. Hospitali wamenifundisha kuosha kidonda na kukifunika kwa shashi, kile kitambaa chepesi cha vidonda, bila kuzivuta kingo pamoja, mpaka kijae chenyewe kutoka chini. Nilimwomba muuguzi wa zahanati awe anakuja yeye badala yangu. Amesema atakuja mara moja kwa wiki. Siku nyingine ni juu yangu.

Ijumaa, 3 Mei

Nilishika shashi, nikatoka nje kutapika, nikarudi nikafanya. Mama aliangalia dari.

Jumanne, 7 Mei

Manyunyu. Muuza mkaa kaja na mkwaruzo. Nimeuosha, nimeutazama mara tano, nimemwambia aende zahanati. Kanuna. Anune.

Jumapili, 12 Mei

Leo jua limetoka mapema na mto umerudi chini ya daraja. Nilikitoa kiti cha mama nje, pale penye mwanga, nikaweka beseni, nikafungua shashi. Moyo ulikuwa unanidunda kama kila siku. Sidhani kama utaacha.

Kwa kawaida yeye huangalia pembeni nami huosha haraka. Leo aliniwekea mkono begani. Macho ameyafumba.

"Niambie unachokiona," alisema. "Chochote kilichopo. Mimi sitakuficha, na wewe usinifiche."

Niliinama. Niliuelekeza mguu kwenye jua mpaka nikaona mwisho wa kidonda, kote, hata zile kona. Nikamwambia: ni chekundu, mama, chekundu cha nyama mbichi, hakina harufu, hakina weusi, na kingo zinaanza kuingia ndani. Nikamwambia pia kwamba mikono yangu inatetemeka.

"Naisikia," alisema. "Mguu wenyewe hausikii, lakini bega lako nalisikia. Haya, osha."

Nikaosha.